UZI: Wachezaji wetu wa voliboli wakienda nje, mbona wengi wanarudi baada ya msimu mmoja?

1 · Jirani_wa_Kasarani
Salamu wadau. Nauliza tu bila ubaya. Kila mwaka tunasikia fulani amesajiliwa nje, picha na jezi mpya tunaona, tunapongeza, halafu msimu ukiisha unamwona tena Nyayo ama Kasarani akichezea timu yake ya zamani kaa hakuna kitu ilifanyika. Chepchumba na Veronica Adhiambo walienda Ugiriki, wengine Tunisia, Seychelles, Rwanda, orodha ni ndefu. Sasa binamu yangu mdogo ameletewa ofa na ajenti kwa WhatsApp, klabu ya divisheni ya pili huko Ulaya, na hapa ana kazi, anachezea timu ya taasisi (siitaji). Shangazi amekataa kabisa. Mimi ndiye nimetumwa nitafute ukweli. Shida huwa ni nini, baridi, kiwango, ama pesa?

2 · Spaika_wa_Buru
Baridi gani bana, watu wa Limuru wangekuwa wamehama kitambo. Ni kiwango. Tuache kudanganyana, timu yetu ya taifa ya wanawake, Olimpiki ya Tokyo 2020 tulipigwa mechi tano zote 3-0, Paris 2024 mechi tatu zote 3-0. Brazil, Poland, Japan, hakuna hata mmoja tulimtoa seti. Mchezaji akitoka kwa hiyo timu aende Ulaya unategemea nini?

3 · MalkiaDamu
@Spaika_wa_Buru unachagua mechi za kukufaa. Kombe la Dunia 2022 kule Uholanzi tulipiga Cameroon 3-0, hiyo umesahau? Na ubingwa wa Afrika tumechukua mara tisa, ni nani mwingine ako hapo?

4 · Takwimu_Tu
Mara kumi @MalkiaDamu. Ya kumi ilikuja 2023 Yaoundé, fainali na Misri. Na Olimpiki tumeenda mara nne, 2000, 2004, Tokyo na Paris. Tokyo yenyewe ilichezwa 2021 ju ya korona. Endeleeni.

5 · MalkiaDamu
Asante mwalimu 😂 mara kumi basi, hiyo ndio inanipa nguvu zaidi.

6 · Payslip_Kwanza
Nyote mmekosa. Kiwango iko, baridi inazoeleka. Shida ni kazi. Huku kwetu mchezaji wa voliboli wa ligi kuu hajasajiliwa vile mchezaji wa soka anasajiliwa, yeye ni mfanyakazi. Ukicheza Prisons wewe ni askari jela, ukicheza DCI wewe ni polisi, KCB na Pipeline ni mambo ya benki na mafuta, kuna watu wameanza na voliboli wakaishia ofisini na wako hapo mpaka leo na wamejenga. Una namba ya kazi, una bima, una mkopo wa sacco unakatwa kila mwezi. Sasa mtu anakuja anakwambia njoo ucheze kuanzia Oktoba mpaka Aprili, dola 1,200 kwa mwezi na nyumba, baada ya hapo kila mtu ashike njia yake. Piga hesabu ya miezi saba dhidi ya kazi mpaka miaka sitini. Wengi huomba likizo bila malipo, wanapewa ya msimu mmoja kwa shingo upande, na ikiisha barua inakuja, rudi ama toa notisi. Ndio maana unawaona Nyayo. Wameitwa, hawajashindwa.

7 · Spaika_wa_Buru
Payslip wewe hata ukiulizwa mbona mvua inanyesha utasema ni payslip

8 · Payslip_Kwanza
Na si uongo, mvua ikinyesha wa payslip ako ndani.

9 · NafasiYaNne
Nimesoma kimyakimya lakini wacha niandike. Nilicheza nje. Sitataja nchi wala klabu ju kuna hela nawadai bado. @Jirani_wa_Kasarani mwambie binamu yako asome hii yote, ni ndefu.

Nilifika usiku, meneja akanichukua, fleti iko poa, kwa friji kuna maziwa na mayai, nikasema maisha ndio haya. Asubuhi hospitali. Damu, moyo, magoti, mabega, mpaka meno waliangalia. Kumbe kwa mkataba, ukurasa wa nyuma huko, imeandikwa ukifeli vipimo hakuna mkataba na tiketi ya kurudi haijasemwa ni ya nani. Nikapita, Mungu mkubwa. Ligi ikaanza mimi niko kwa viti na tracksuit, karatasi ya uhamisho haijatoka Nairobi. Mashabiki wananiangalia, huyu ndiye mgeni mmelipia?

Mazoezini ndio nilichanganyikiwa. Hapa nyumbani kazi yangu ilikuwa kuruka na kupiga. Huko kocha siku ya kwanza hakuniuliza kupiga, aliniuliza kupokea. Kuna kijana anakaa kando ya uwanja na laptopu, wanatumia programu inaitwa Data Volley, kila mpira ukiugusa anakuwekea alama. Pasi ikifika juu ya kichwa cha seta, yule wa kupangia wapigaji mipira, bila yeye kusonga unapewa #, ikikaribia ni +, ikimkimbiza seta ni -, ikianguka ni =. Jioni inatumwa kwa simu ya kila mtu, jina na alama zake. Mimi nilikuwa na = zimejipanga mstari. Sevisi zao za kuelea ni mbaya, mpira unakuja umenyooka kabisa, haujizungushi, halafu ukishatanguliza mikono unazama mbele ya magoti ama unahepa bega. Na wakishaona unasumbuka, zote zinakuja kwako, kutoka mechi ya kwanza mpaka ya mwisho, ju na wao wana kijana wao wa laptopu.

Kitu kingine ni seta. Hapa tulizoea mpira wa juu, unaupa macho, unakuja hatua zako tatu, unapiga. Yule dada alikuwa anasukuma chini na haraka mpaka kwa antena pale mwisho wa neti, mimi nikifika mpira umeshapita. Yeye anainua mikono, mimi nainua mikono, hatuna lugha moja. Kocha anafoka dakika mbili nzima, namuuliza mwenzangu amesema nini, ananiambia "amesema uanze mapema". Dakika mbili zote hizo! Ilifika Desemba ndio tukaelewana na seta, na hiyo ni ju tulikuwa tunabaki nyuma ya mazoezi sisi wawili na mtu wa kurusha mipira.

Mtaniuliza kama nilirudi ju ya hayo. Hapana. Nilipoanza kupokea vizuri msimu ulikuwa umebaki robo.

10 · MalkiaDamu
Wueh. Hiyo ya alama kwa simu ya kila mtu ningelia.

11 · NafasiYaNne
Nililia, lakini bafuni.

12 · Seta_Mstaafu
@NafasiYaNne umegusa penyewe. Mimi nasema ni tempo, yaani kasi ya mchezo, si kiwango. Spaika anasema kiwango kana kwamba wasichana wetu hawaruki, wanaruka kuliko hao wengi. Lakini ligi yetu wikendi hii unacheza, wikendi ijayo hakuna, unakutana na sevisi ngumu mechi chache kwa mwaka. Huko ni kila Jumamosi. Hata Luizomar alipokuja kutufundisha kabla ya Tokyo, yule kocha Mbrazil wa klabu ya Osasco, kitu ilisumbua ni hiyo, kupokea na kucheza haraka. Sasa msichana ametoka Kwanthanze ama hizi shule zingine kubwa, tangu fomu wani ameambiwa wewe ni wa kupiga, libero, yule wa kupokea na kulinda tu, atapokea. Ulaya mshambulizi wa kushoto asiyepokea anakaa benchi, labda awe opozit, yule mpigaji wa kulia ambaye hapokei.

13 · Spaika_wa_Buru
Hiyo si ndio kiwango nilisema? Mmezunguka mmerudi kwangu

14 · Seta_Mstaafu
Hapana. Kiwango haubadilishi kwa msimu, tempo unabadilisha. Yeye amekwambia Desemba walikuwa wameelewana. Shida ni kwamba akishabadilisha anarudi, na mwingine anaenda kuanza sifuri.

15 · Karani_wa_Makaratasi
Habari zenu. Niongeze upande wa makaratasi ju nimewahi kuyashughulikia. Swali la mleta uzi limekaa vibaya kidogo. Uhamisho wa voliboli kimataifa unaenda na cheti, ITC, na kinapitia kwa mtandao wa FIVB, shirikisho la voliboli la dunia. Klabu ya nje inaomba, shirikisho la huko linakubali, mchezaji anasaini, shirikisho letu hapa linakubali, na klabu yake ya hapa ikiwa bado ana mkataba nayo. Kila mmoja akikawia siku zake, ndio unasikia NafasiYaNne alikaa kwa viti. Bila ITC mechi za ligi huchezi.

Sasa muhimu: hiyo ITC ina tarehe ya kuisha. Ikiisha unahesabiwa umerudi kwa shirikisho lako la asili, haujauzwa vile mchezaji wa soka anauzwa. Kwa hivyo karatasi yenyewe inakurudisha nyumbani. Wengine wote duniani wako hivyo, hata hao mastaa wa Uturuki na Italia wengi hubadilisha klabu mara kwa mara na hakuna anayesema wameshindwa. Mkataba wa msimu mmoja ndio kawaida ya huu mchezo.

16 · Jirani_wa_Kasarani
@Karani_wa_Makaratasi hapo umenifungua macho. Lakini hao wa Uturuki wakitoka klabu moja wanaenda nyingine, wetu wakitoka wanarudi hapa. Si bado swali liko?

17 · Payslip_Kwanza
Bado liko na jibu ni namba 6. Asanteni kwa kushiriki.

18 · MamaLibero
Watoto wangu hamjambo. Mimi nina binti aliyecheza nje, si Ulaya, hapa karibu Afrika. Mnasema kazi, mnasema tempo, hamjasema sisi wazazi na ukoo. Mtoto akipanda ndege tu, simu zinaanza. Huyu karo, yule hospitali, mjomba paa la nyumba, na wote wanasema si uko nje. Binti yangu alikuwa anapata pesa ambayo hapa Nairobi ingemtosha akiishi kwangu Umoja, lakini kule alikuwa anagawa mpaka anabaki na ya chakula. Mshahara ukichelewa mwezi mmoja anaona aibu kuniambia. Aliporudi alinenepa ndio nikajua kule alikuwa analala njaa. Sasa nyinyi mnasema Data nini sijui.

19 · NafasiYaNne
Mum heshima. Hiyo umesema ni kweli tupu. Mimi nilizima simu Jumapili.

20 · Spaika_wa_Buru
Pole mama. Lakini si angekula ugali tu huko?

21 · NafasiYaNne
Unga wetu utatoa wapi wewe. Nilikuwa nanunua ile ya polenta, ya njano, ukisonga haishiki, lakini na mboga inaenda. Rafiki zangu wa timu walikuja wakaonja, mmoja akaomba sukari aweke juu. Nikamfukuza jikoni.

22 · Mwana_wa_Temeke
Wakuu nawasalimu kutoka Dar. Nyie mnalalamika kuwa wanarudi, sisi huku tunatamani hata mmoja wa kwenda. Swali langu, kwa nini hamtumii Rwanda kama daraja? Kigali unapanda basi, viza haihitajiki, chakula ni kile kile, na naona klabu zao zinachukua Wakenya kila msimu.

23 · MalkiaDamu
Karibu jirani. Nyinyi bakini na Simba na Yanga yenu huko 😂 ila swali lako ni zuri.

24 · Seta_Mstaafu
Rwanda ni pesa nzuri na ni karibu, lakini daraja la kwenda wapi? Kule unacheza na mastaa wale wale uliowaacha Kasarani, wamehama na wewe. Mazoezi na mwili utafaidika, kweli, wako siriasi. Lakini ajenti wa Ulaya anataka video yako ukipokea sevisi ngumu. Kama unataka daraja nenda Tunisia ama Misri ukutane na Carthage, Ahly, Zamalek kila mara.

25 · Wafalme_Hoyee
Hata sisi wanaume tupo jamani. Wafalme Stars. Kuna maboi wako Rwanda huko na hakuna mtu amewahi kuwafungulia uzi, wakirudi hata hamjui walienda.

26 · Spaika_wa_Buru
Tuliwafungulia tukasahau password

27 · Payslip_Kwanza
@Seta_Mstaafu na hapo kwa Tunisia na Misri kuna kitu hamjasema. Kombe la klabu za Afrika la wanawake miaka hii mara nyingi linakuwa Aprili. Hiyo Aprili Ulaya wako kwa mchujo wa ubingwa. Klabu ya hapa iliyokupa ruhusa inakutaka urudi uwasaidie, klabu ya huko inakutaka umalize. Wewe uko katikati na barua mbili. Nani anakulipa pensheni? Huyo ndiye utasikiza.

28 · Takwimu_Tu
Ila timu ya taifa haigongani sana. Ligi nyingi za Ulaya zinaisha Aprili ama Mei, mambo ya taifa yanaanza hapo mpaka Septemba. Mtu anaweza kufanya zote mbili akiwa na mwili.

29 · NafasiYaNne
Akiwa na mwili, hapo ndio penyewe. Unapumzika lini? Unatoka huko umechoka, kambi inakungoja, ukimaliza kambi ndege inakungoja. Goti langu ndio lilijibu hilo swali. Na kuna kitu sikusema kule juu kuhusu kuwa mgeni. Klabu ina nafasi chache za wageni, kwingine kanuni inasema lazima wenyeji watatu wawe uwanjani wakati wote, Italia ni hivyo. Sasa hiyo nafasi umeketi juu yake ni ya pesa. Msichana wa kwao akipiga nje mara mbili anapigiwa makofi, jipe moyo. Wewe ukipiga nje mara mbili unaona mwenzako ameshika ile paleti ya namba yako pale kando, aingie wewe utoke. Tukishinda ni timu, tukipoteza ni mgeni. Mimi nilikuwa nafunga pointi nyingi kuliko wote na bado Januari meneja aliniambia wanaangalia Mserbia fulani. Hakuja, lakini mimi nililala vibaya mwezi mzima.

30 · Seta_Mstaafu
Hao wa kuletwa Januari ni wengi sana. Ndio maana wengine hata msimu hawamalizi.

31 · Jirani_wa_Kasarani
Sasa turudi kwa huyu mtoto. Ajenti anataka apewe pesa kidogo mbele ya "kushughulikia viza". Hii ni kawaida?

32 · Karani_wa_Makaratasi
SI KAWAIDA. Ajenti analipwa kutoka kwa mkataba, ukishasaini na ukishalipwa. FIVB wana orodha ya maajenti wenye leseni, iko wazi kwa tovuti yao, mtafute jina lake hapo leo leo. Hayupo, mblok. Halafu mwambie akutumie barua ya klabu yenyewe, si ya ajenti, na upigie klabu simu. Mkataba uangalie mshahara ni wa baada ya kodi ama kabla, tiketi ya kwenda NA kurudi, nyumba ni ya peke yake ama ya kushare, nani analipa akiumia. Na uwe na lugha anayoelewa, si kusaini kitu cha kurasa nyingi kwa lugha ya huko eti watamfafanulia akifika.

33 · NafasiYaNne
Ongeza: klabu ikikataa kukulipa unaweza kuipeleka FIVB, wana mahakama yao ya mambo ya pesa, na klabu ikikaidi inaweza kufungiwa isisajili wageni. Lakini lazima uwe na mkataba uliosainiwa na meseji zote. Mimi niliachia mambo kwa mdomo, "wiki ijayo, wiki ijayo", na huyo meneja alikuwa anacheka vizuri sana.

34 · Spaika_wa_Buru
Kwa hivyo @NafasiYaNne ukiulizwa leo, ungeenda tena?

35 · NafasiYaNne
Kesho asubuhi. Nisubirini JKIA.

36 · Payslip_Kwanza
Na mbona ulirudi basi?

37 · NafasiYaNne
Likizo yangu ilikuwa imeisha na wakaandika barua 🙈

38 · Payslip_Kwanza
NAMBA SITA!!! Moda funga uzi.

39 · Seta_Mstaafu
Usifunge. Huyo ni mtu mmoja. Mimi namjua mwingine hakuwa na kazi hapa hata moja, hakuna barua, hakuna sacco, na alirudi msimu mmoja vile vile ju hakuna klabu ilimpigia tena. Alikuwa mzuri kwa kupiga, hakujifunza kupokea. Na kuna mwingine alikuwa na kazi ya serikali akaiacha, akakaa huko misimu kadhaa, sasa hivi anafundisha watoto voliboli huko huko. Payslip utamweka wapi?

40 · Payslip_Kwanza
Huyo wa pili alikuwa na bwana huko?

41 · Seta_Mstaafu
…alipata bwana huko, ndio.

42 · MalkiaDamu
😂😂😂 sasa tumeongeza sababu ingine

43 · MamaLibero
Na si sababu mbaya. Jirani, mwambie shangazi yako asikatae kwa hasira, aitishe mkataba na awapeleke kwa wakili. Mimi ya binti yangu nilisaini kama shahidi bila kusoma.

44 · Jirani_wa_Kasarani
Asante mama, nimemtumia huu uzi wote. Shangazi amejibu "huyo wa bafuni alikuwa anakula nini" kwa hivyo anasoma. Binamu ameangalia orodha, jina la ajenti halipo, lakini klabu yenyewe ipo na wamejibu simu, wamesema wanamjua huyo jamaa "kidogo". Sijui hiyo kidogo ni nini.

45 · Karani_wa_Makaratasi
Waambie klabu wamtumie ofa moja kwa moja kwa barua pepe yao, bila huyo jamaa katikati. Wakiwa wanamtaka kweli watatuma. Na kabla hajaomba likizo kazini muulizeni klabu bima yao inaanza siku gani, siku ya mazoezi ya kwanza ama siku ya mechi ya kwanza, ju SHA, bima ya afya ya serikali yetu, haitamtibu goti huko na kuna watu wameumia hapo katikati.